Nusu ya Juu ya Bunduki ya Verlin Stokke

Verlin Stokke aliishi kwa kununua vitu ambavyo wenzake wamevichoka. Mabomba ya kumwagilia mashamba, maghala ya bati ya kuhifadhia ngano, matrekta yaliyokufa injini, mataruma ya reli iliyong'olewa: alivichukua kwa watu waliotaka viondoke uani kwao leo hii, akaviuza kwa watu waliovihitaji tangu jana. Baba yake alikuwa mkata manyoya ya kondoo, wa kuhama ranchi hadi ranchi, na alikufa bila kuacha hata kondoo mmoja. Verlin alianza na lori bovu la kuazima na shehena ya mataruma. Alipokaribia miaka sitini alikuwa na uwanja mzima wa vyuma nje ya mji wa Harlan Flats, huko Montana, na sifa moja ambayo hata waliomchukia hawakumnyima: Verlin hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo ilikuwa ajabu kumwona, asubuhi moja theluji ikiwa ndiyo kwanza inayeyuka, amesimama mbele ya kaunta ya Boyd Pruitt, muuza bunduki, kofia mkononi, hajui hata aanze kubishana wapi.

"Nataka bunduki ya shabaha," alisema. "Ya kujipakia yenyewe. Ifike mbali. Isiwe ghali."

"Isiwe ghali kwa nani?" Boyd akauliza. "Kwa binadamu wa kawaida au kwako wewe?"

Wateja wawili waliokuwa wakinywa kahawa ya bure kando ya jiko la kuni walicheka. Verlin hakucheka.

Shida yake ilianzia kwa ng'ombe. Vuli iliyopita alikuwa akimsaidia shemeji yake kupakia mifugo kwenye lori, ng'ombe mmoja akambana bega la kulia kwenye nguzo ya chuma. Daktari alilifungua bega, akaweka vyuma vyake humo, akamwambia mambo mawili: mkono huu hautavuta tena komeo la kupakia risasi la bunduki yako ya zamani, na bega hili halitastahimili tena teke lake. Bunduki ile alikuwa nayo tangu ujana, nene, nzito, yenye kelele ya radi. Aliijua kama anavyojua kikohozi cha mkewe. Sasa ilining'inia ukutani kama pembe za paa.

Angeweza kuacha kupiga shabaha, lakini kuacha kulikuwa na gharama yake. Chama cha walenga shabaha cha Harlan Flats kina nafasi chache, maana bonde la kupigia ni jembamba na majirani ni wakali. Anayetaka kuingia huandikwa jina na kusubiri mtu afe, ahame, au ashindwe. Kushindwa kuna siku yake maalumu, Jumamosi ya ufunguzi. Siku hiyo kila mwanachama hulala kifudifudi na kulipiga bamba la chuma lililo yadi mia sita. Risasi tano. Bamba likilia hata mara moja, umebaki. Likinyamaza, nafasi yako inachukuliwa na wa kwanza anayesubiri, nawe unaandikwa mkiani. Cheti cha daktari hakisomwi. Mzee mmoja aliwahi kuja na mtungi wake wa oksijeni, akalala nao, akapiga, bamba likalia.

Na Verlin hakuwa na pengine pa kwenda. Kanisani haendi, baa hanywi, na watu anaofanya nao biashara hawamwaliki chakula. Jumamosi ya bondeni ndiyo siku pekee ambayo watu walikaa karibu naye bila kushika mifuko yao.

Boyd aliziweka bunduki tatu juu ya kaunta, zote nyeusi, zote za sura moja, kama ndugu wa tumbo moja.

"Hii ya risasi nene inakwenda mbali bila kuuliza njia," alisema. "Ila ina teke, na kila risasi unayopiga ni mlo wa mchana. Hii ya katikati ndiyo vijana wote wanaililia. Upepo hauisumbui. Bei yake ndiyo itakayokusumbua. Na hii ya risasi nyembamba haina teke, haina gharama, lakini kule mbali upepo unaichezea kama karatasi."

"Chukua ya katikati," alisema mteja wa kwanza toka kwenye jiko.

"Usimpoteze mzee wa watu," akadakia wa pili. "Bunduki si kitu, darubini ndiyo kila kitu. Tupa pesa kwenye darubini, chini yake weka hata fimbo."

"Na kasiba je, mtutu wenyewe? Mtu anapiga kwa darubini au kwa kasiba?"

"Anapiga kwa kifyatulio! Kifyatulio kibovu hata ukipewa kasiba ya dhahabu..."

Verlin aliwasikiliza kama mgeni anayesikiliza ugomvi wa ndugu. Katika matrekta angeweza kumwambia mtu, kwa kusikia mlio tu, ni beringi ipi inayokufa. Hapa kila mtu alikuwa na yakini, na yakini ya huyu ilipinga ya yule. Isitoshe walitoa ushauri bure. Katika kazi yake, kitu cha bure ndicho cha kukagua mara mbili.

Hata hivyo, jambo moja alikuwa ameshaliamua, na hakumwambia mtu. Wiki ile ile, kwenye mnada wa mali za marehemu, alikuwa amenunua kreti zima la risasi nyembamba, mpya, ndani ya maboksi yake, kwa bei ya kichekesho. Kwenye maboksi kulichorwa shabaha na kuandikwa kwamba ni za masafa marefu. Vichwa vyake vilikuwa virefu, vizito. Hakuna aliyepanda bei juu yake. Kwa hiyo bunduki itakuwa ya risasi nyembamba, basi. Alikuwa amenunua hatamu, sasa anatafuta farasi.

"Ya nyembamba unayo iliyotumika?" aliuliza.

Boyd alileta moja kutoka nyuma. Ilikuwa na kasiba nene, ndefu, safi, na kwenye kitako Boyd alikuwa amebandika karatasi ya shabaha yenye matundu matatu yaliyogusana. Ndivyo wanavyofanya huko: anayeuza bunduki huibandika karatasi yake bora, na anayenunua hutakiwa asiulize zile mbaya ziko wapi.

"Hiyo karatasi ibandue," alisema Verlin. "Sinunui karatasi."

"Unataka kuipiga risasi gani?" Boyd akauliza.

Swali lilikuwa la haki kabisa. Lakini Verlin alikuwa ameishi kwa kanuni moja: muuzaji asijue ulicho nacho nyumbani. Akijua una jembe, mpini unapanda bei.

"Nitaona," alijibu.

"Nauliza kwa sababu kasiba hii..."

"Nitaona, bwana. Niambie kwanza kwa nini skrubu hii ina kutu."

Wakahamia kwenye skrubu. Kutoka kwenye skrubu wakaenda kwenye mkwaruzo wa kitako, kutoka hapo kwenye magazini moja ya ziada ya kuwekea risasi. Verlin alikagua kila kitu. Aliona hata namba ndogo zilizochorwa kwenye kasiba; alijua kwamba ni kipimo cha mzunguko wa mifereji ya ndani, kama mtu anavyojua kwamba daktari anapima presha. Kubwa au ndogo, ipi ni nzuri, hakujua, na hakuuliza, kwa kuwa mnunuzi anayeuliza ameshaonyesha njaa. Mwishowe bei ikashuka, magazini ikaongezwa, fomu ikajazwa, simu ikapigwa serikalini, jibu likarudi kwamba Verlin Stokke hana kosa. Akatoka amefurahi.

"Umechukua ipi?" mkewe Ardis alimuuliza.

"Ya bei nzuri."

"Sijauliza bei, nimeuliza ipi."

Verlin akafikiri. "Nyeusi," alisema.

Siku iliyofuata alifunga darubini juu yake, akaenda nayo malishoni nyuma ya uwanja wa vyuma, akasimamisha karatasi umbali mdogo, mbele ya kifusi cha udongo. Ardis alimfuata na kiti cha kukunja na fulana ya sufi, maana bega lile hakuliamini. Bunduki ikalia, bega likatulia. Haikuuma hata kidogo. Alipiga tena na tena, na ganda tupu likaruka lenyewe bila yeye kuvuta chochote, naye akacheka peke yake kama mtu aliyepunguziwa kodi.

Kisha wakaenda kuitazama karatasi.

Tundu moja lilikuwa juu kushoto. Moja lilikuwa chini kabisa, nje ya duara zote. Mengine hayakuonekana. Na yale yaliyoonekana hayakuwa matundu ya duara. Yalikuwa marefu, kama tundu la funguo, kama alama ya kitu kilichopita kimelala.

"Zimepita ubavu," alisema Ardis.

"Risasi haipiti ubavu."

"Basi niambie wewe hizi zimepitaje."

Verlin akakaza skrubu za darubini. Alipiga tena: ubavu. Alisafisha kasiba: ubavu. Alisogeza karatasi karibu kiasi kwamba hata jiwe la kurusha lingefika: ubavu tu. Akachukua risasi moja, akaiviringisha kwenye kiganja. Nzima. Akachungulia kasiba kwa tochi. Inang'aa. Kitu kizuri ndani ya kitu kizuri, na kinachotoka ni upuuzi. Alikaa juu ya tanki la maji lililopinduliwa, akahisi kile ambacho kwa miaka yote alikuwa amewafanya wengine wahisi.

"Mpigie Boyd," alisema Ardis.

"Akijua atacheka."

"Na acheke. Jumamosi ni keshokutwa. Kicheko cha Boyd hakitakutoa bondeni. Bamba ndilo litakalokutoa."

Akapiga simu. Alipotaja vichwa virefu vizito, upande wa pili ukaja mguno mrefu.

"Nilikuuliza, Verlin. Nilikuuliza kwa kinywa changu hiki."

"Sasa nakujibu."

"Baada ya fomu! Sikiliza. Umewahi kuzungusha pia ya mti ukiwa mtoto? Pia ndogo ukiizungusha taratibu inasimama. Pia kubwa ndefu ukiizungusha taratibu inafanya nini?"

"Inaanguka."

"Basi. Kasiba yako inazungusha taratibu. Ni ya vichwa vifupi, vyepesi. Ile karatasi niliyoibandika ilikuwa ya kweli, ila kwa risasi nyepesi. Hizo za kwako zikitoka mdomoni zinapepesuka kama mlevi."

"Nikinunua nyepesi?"

"Zitatoboa pazuri hapo malishoni. Kule mia sita upepo wa bonde utazipeleka Kanada."

Boyd, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamhurumia.

"Bunduki yako ni nusu mbili," alisema. "Sukuma pini mbili kwa kidole, inaachana kama karanga na ganda lake. Nusu ya chini ndiyo bunduki kwa sheria, ndiyo yenye namba. Nusu ya juu, yenye kasiba, kwa sheria ni chuma tu. Mtu anaweza kukuuzia mezani kama paja la nguruwe. Tafuta nusu ya juu yenye mzunguko wa haraka, ipachike, maisha yaendelee."

"Unayo?"

"Sina. Namjua aliye nayo, na kuna siku alikuwa anatafuta nusu kama hiyo yako, kwa ajili ya kuchakuro, wale kindi wa ardhini wanaotoboa shamba lake la majani. Kwa kuchakuro risasi nyepesi ndizo zenyewe."

"Nani?"

Boyd akakohoa. "Twila Knaack."

Twila Knaack alikuwa dereva wa greda la barabara za kaunti, mwanamke wa makamo, mwenye mikono kama ya seremala. Alikuwa amesubiri nafasi chamani mwaka baada ya mwaka. Na kila mtu Harlan Flats alijua alipofikia: wa kwanza. Kama Verlin angeshindwa Jumamosi, nafasi ingekuwa ya Twila.

Verlin alikwenda jioni ile ile, bunduki imefungwa kwenye blanketi. Twila alimkaribisha kwenye karakana, si sebuleni. Aliweka kahawa juu ya meza ya kazi na kipande cha pai ya tufaha ambacho hakumsukumia mgeni wala hakumnyima.

"Boyd amenipigia," alisema. "Anasema unapiga risasi za kwenda ubavu. Nikamwambia mtu wa vyuma chakavu hata risasi zake zinakwenda kwa mlango wa nyuma."

"Nionyeshe chuma chako, mama, matusi tutayafanyia hesabu mwishoni."

Akaitoa. Verlin aliishika nusu ile, akaipima mkononi, akachungulia ndani kwa tochi, akapitisha ukucha mdomoni mwa kasiba. Kwa macho yake ilikuwa kama nyingine. Hilo ndilo lililomtesa. Angekuwa anaona gia, angejua. Hapa aliona bomba linalong'aa, na mwenye bomba ni mtu anayefaidika akianguka.

"Imepigwa sana?" aliuliza.

"Imepigwa. Ungependa nikuambie haijapigwa?"

"Ningependa kujua kwa nini unaiachia."

"Kwa sababu kuchakuro wamemaliza majani yangu, na nusu yako ni nzuri kwao kuliko yangu. Lakini yangu ni ghali kuliko yako. Kwa hiyo utaongeza kitu."

"Zikilala mezani ni chuma kwa chuma."

"Basi baki na ya kwako, ukapige ubavu Jumamosi."

Verlin alikunywa kahawa. Twila alikunywa kahawa. Verlin akasema yangu ina komeo jipya. Twila akasema komeo si hoja, kila nusu inakwenda na komeo lake. Verlin akasema yangu ina kasiba ndefu zaidi. Twila akasema kuchakuro hawapimi urefu. Twila akadai ghala moja dogo la bati. Verlin akashika kifua. Twila akadai kulihamisha tu ghala lake la zamani kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine, kwa winchi ya Verlin; Verlin akasema mafuta ya lori juu yako; Twila akasema mafuta juu yako na pai ule. Wakabishana kuhusu vikuku vya darubini, vinavyokaza darubini juu ya bunduki, kila mmoja akivivuta kwake kwa kidole, mpaka kahawa ikapoa na Twila akawasha taa nyingine. Mwishowe Verlin akakubali kuhamisha ghala kwa mafuta yake mwenyewe. Alikuwa ameshindwa katika mapatano, na alilijua hilo, na Twila alijua kwamba amelijua.

"Ule pai basi," alisema. "Imo kwenye bei."

Kesho yake malishoni, karatasi ilionyesha matundu ya duara, madogo, yaliyokaribiana kama vifungo vya shati. Ardis aliitazama, akasema, "Sasa hizi zina adabu." Akamsomea kutoka kwenye simu yake ni kiasi gani ainue darubini kwa yadi mia sita. Urefu ulikuwa hesabu, na hesabu haina njama. Kuhusu upepo simu ilitaka kujua upepo utakuwa kiasi gani Jumamosi, na hilo nani angelijua? Bonde lilikuwa bado limefungwa mpaka siku ya ufunguzi. Mahali pengine pa kupigia mbali hapakuwapo.

Usiku ule Verlin alipitisha nusu ile mkononi tena na tena. Kwenye umbali mdogo ilikuwa sawa. Lakini je, kama ina kilema kinachojitokeza mbali tu? Kuna matrekta ya namna hiyo, yanayovuta vizuri uani na kufa mlimani. Ameyauza mwenyewe.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na majani yamelowa. Wanachama walipanga malori, wakawasha jiko la gesi, mtu akakaanga soseji. Katibu wa chama, Emmett Dubray, msambaza barua mstaafu mwenye sauti ya kugongea mlango, alikaa kwenye kiti na darubini yake. Kazi yake ilikuwa maneno mawili tu: limelia, au halikulia. Mbali zaidi nyuma ya mstari Twila alikaa kwenye robota la majani makavu, darubini kubwa juu ya miguu mitatu mbele yake. Anayesubiri nafasi ana haki ya kuangalia.

Wengine walipiga, bamba likalia, wakapigwa mabegani, wakaenda kwenye soseji. Zamu ya Verlin ikafika. Alilala juu ya mkeka. Bendera ndogo ya upepo iliyo karibu naye ilining'inia bila uhai. Ile ya kati ilitikisika. Ile ya mbali, kando ya bamba, ilikuwa imenyooka kabisa kwenda kulia. Bendera tatu zikisema mambo matatu, kama dukani kwa Boyd. Akalenga kushoto kidogo, kiasi alichokizoea kwa bunduki yake nene. Akapiga.

"Halikulia," alisema Emmett.

Kwenye ardhi kavu angeona vumbi na kujua risasi imeangukia wapi. Kwenye majani yaliyolowa hakuona kitu. Akalenga vile vile, kwa utulivu zaidi.

"Halikulia."

Jasho likamtoka chini ya kofia. Ni mkono? Ni darubini? Ni ile nusu? Akasogea kulia, kwa kuwa hakujua sababu ya kubaki kushoto.

"Halikulia. Zimebaki mbili, Verlin."

Nyuma yake sauti ikasema, "Unaenda kinyume. Kushoto. Bamba zima na nusu yake, kushoto."

Ilikuwa Twila. Watu wakageuka, soseji ikiendelea kulalamika kikaangoni.

"Emmett," alisema Verlin bila kugeuka, "huyu anaruhusiwa?"

"Sheria inakataza mtu kukuvutia kifyatulio. Domo haijalitaja."

"Nauona mkia wa risasi ukikata hewa," alisema Twila. "Inakunja ikifika katikati ya bonde. Hiyo si bunduki yako ya zamani, mzee. Risasi hii ni nyepesi kuliko ile. Upepo unaila mara mbili."

Bamba moja na nusu! Hiyo ilikuwa kulenga hewa tupu, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila majani. Nani anayekwambia ulenge hewani? Yule anayechukua kiti chako ukikosa. Verlin alilaza shavu kwenye kitako na kufikiri kwa njia pekee aliyoijua. Mtu anayekusudia kukuibia hapigani nawe juu ya vikuku vya darubini mpaka kahawa inapoa. Mwizi hukubali haraka. Anataka uondoke kabla hujatazama. Yeye mwenyewe, zile siku alipouza matrekta ya kufa mlimani, alikuwa mpole sana juu ya bei. Twila alikuwa amemkamua kama ndimu. Basi chuma kile ni kizima. Na kama chuma ni kizima, na mkono wake ni ule ule, kilichobaki ni upepo.

Hata hivyo, mazoea ni mazoea. Mtu akimtajia bei, Verlin hutoa nusu. Akalenga kushoto, kiasi cha robo tatu ya bamba, akapiga.

"Halikulia," alisema Emmett. "Imebaki moja."

"Umekata bei," alisema Twila. Hakuwa anacheka. "Upepo haupatani na mtu, Verlin. Lipa wote."

Bendera ya mbali ilikuwa bado imenyooka. Verlin aliisogeza alama ya darubini kushoto, ikaliacha bamba, ikaenda mbele zaidi, mpaka ikatua kwenye majani matupu yasiyo na maana yoyote. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia arudi. Hakuwahi kulipa bei kamili ya kitu asichokiona. Akavuta pumzi, akaiachia nusu, akakigusa kifyatulio.

Kimya. Halafu, kama mtu aliyegonga kikombe katika nyumba ya jirani, mlio mdogo ukaja.

"Limelia," alisema Emmett, na akaandika.

Mtu akampiga Verlin begani, kwa bahati lile zima. Alipoinuka na kupangusa magoti, Twila alikuwa anakunja miguu ya darubini yake.

"Ungenyamaza tu," Verlin alimwambia. "Saa hizi ungekuwa mwanachama."

"Ningekuwa mwanachama, na mji mzima ungesema nimekubadilishia chuma kibovu ili uanguke. Nina nusu mbili nyingine za kuuza kabla ya kiangazi. Nani angezinunua?" Aliutupa mfuko wa darubini begani. "Halafu una ghala langu la kuhamisha. Watu waliofukuzwa huwa hawatimizi ahadi."

"Jumatatu."

"Jumatatu saa mbili. Na winchi nzuri, si ile ya kamba."

Akaenda zake kwenye lori, akaliwasha, akasubiri ng'ombe wa jirani wavuke barabara, akaondoka. Emmett akamwita kila aliyebaki chamani aje kwenye kazi ya kwanza ya msimu, ambayo ni kuyapaka rangi mabamba. Verlin akapewa brashi na kopo la rangi nyeupe, akatembea bondeni mpaka lile la mbali.

Alitafuta alama yake kati ya alama za wenzake. Zao zilikuwa katikati, au karibu. Ya kwake ilikuwa kwenye ukingo wa kulia kabisa, nusu ya doa la risasi, nusu nyingine ilikuwa imekatwa na hewa. Alisimama akiitazama. Alikuwa amelipa bamba moja na nusu kama alivyoambiwa, na bado ilikuwa imebaki upana wa ukucha iende zake. Kwa hiyo Twila alikadiria pungufu? Au upepo ulipanda dakika ile? Au ulishuka, na bila hivyo ingepotea? Au mkono wake ulitetemeka na ndio uliomwokoa? Aligeuka kuitazama bendera. Sasa ilikuwa imelala, haina habari.

"Verlin!" Emmett aliita toka mbali. "Unapaka au unasali?"

Akachovya brashi, akaanzia ukingo wa kulia.